SOMO: KIKUNDI CHA WAFANYAKAZI KINAPOTAKA KUNUNUA TREKTA DOGO LENYE LODA



Katika kuzunguka matawi tumeulizwa swali moja mara nyingi. Wanachama wamechanga akiba kidogo kidogo, au wamelipwa kiinua mgongo baada ya kupunguzwa kazini, nao wanafikiri kununua trekta dogo lenye loda. Wameona kwamba mijini na kandokando ya mashamba makubwa ziko kazi za kutengeneza viwanja: kusawazisha ardhi mbele ya shule, kutandaza udongo mweusi hotelini kabla ya kupanda nyasi, kumwaga changarawe katika njia za hospitali, kufyeka, na kuchimba mashimo ya kupandia miti. Basi wanauliza: Je, tununue?

Sisi hatuwezi kulijibu swali hilo kwa niaba yenu. Litajibiwa na mkutano wa wanachama wote, wakiwa na kalamu na karatasi. Somo hili linaeleza mambo yanayofaa kuandikwa katika karatasi hiyo. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: bei anayoitaja muuzaji ni sehemu tu ya bei ya trekta. Sehemu iliyobaki isipohesabiwa mapema, italipwa baadaye na wanachama kwa akiba yao, au italipwa na dereva kwa mwili wake.

Tunawaombeni somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano, sehemu moja moja, na wale wasiojua kusoma wapewe nafasi ya kuuliza kama wengine. Fedha ni zao pia.

1. TREKTA HILI NI LA NAMNA GANI

Wengi wetu tumezoea matrekta makubwa yanayovuta matela ya miwa au ya majani ya chai. Trekta tunalolizungumza hapa ni dogo. Injini yake ni ya dizeli, nguvu zake mara nyingi ni kati ya farasi 20 na 40, na uzito wake bila vyombo ni kama tani moja, pungufu au zaidi kidogo. Faida yake ni kwamba linapita katika lango la nyumba, linageuka mahali padogo, na halikanyagi ua mpaka ukawa matope.

Loda ni mikono miwili ya chuma iliyofungwa mbele ya trekta, na mwisho wa mikono hiyo iko ndoo. Mikono hunyanyuliwa na mafuta yanayosukumwa na pampu kwa nguvu kubwa. Mafundi huita mfumo huo haidroliki.

Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya kufungia vyombo: jembe, mashine ya kufyekea, bapa la kusawazishia, kekee ya kuchimbia mashimo. Mpango huu wa mikono mitatu ulienezwa na Harry Ferguson, fundi aliyezaliwa Ireland. Trekta lake la TE20 lilitengenezwa Coventry, Uingereza, tangu 1946 hadi 1956. Viwanda vingine vimeufuata mpango huo, na ndiyo sababu chombo cha kiwanda kimoja huweza kufungwa katika trekta la kiwanda kingine, mradi ukubwa wa pini ulingane. Kwa hiyo msikubali kuuziwa vyombo vyote pamoja na trekta bila kulinganisha bei. Huenda bapa au mashine ya kufyekea ikapatikana kwa fundi mwingine kwa bei nafuu.

Yafaa pia kujua kazi isiyofaa. Trekta hili si buldoza. Loda yake ni ya kubeba udongo, mchanga au changarawe iliyokwisha kulegezwa. Ukiisukuma katika moramu ngumu, au ukiitumia kung'oa visiki, utapinda mikono na kupasua fremu mahali loda ilipofungwa. Pahali pagumu palegezwe kwanza kwa jembe la nyuma au kwa sururu.

2. HESABU KABLA YA KWENDA KWA MUUZAJI

Tuchukue mfano. Bei tunazoziandika ni za kufundishia tu, kwa shilingi za Uganda. Nanyi wekeni bei za kwenu, ziwe ni shilingi au faranga.

Tuseme kikundi kina watu 30 na kila mtu ametoa shilingi 1,000,000. Jumla ni 30,000,000. Trekta lililokwisha tumika, pamoja na loda, linauzwa 36,000,000. Kikundi kinakopa 6,000,000. Wanatazamia kulitumia trekta miaka 6, kisha kuliuza kwa 12,000,000.

Ziko gharama ambazo hulipwa kila mwaka hata kama trekta limelala bandani:

- Kuchakaa. Trekta litapungua thamani kwa 24,000,000 katika miaka 6. Kila mwaka ni 4,000,000.
- Bima na karatasi za serikali: 1,000,000.
- Banda na mlinzi: 1,200,000.
- Riba ya mkopo: 1,000,000.

Jumla kwa mwaka ni 7,200,000.

Kisha ziko gharama za kila saa ambayo trekta linafanya kazi:

- Dizeli. Trekta la ukubwa huu huweza kunywa lita 3 mpaka 5 kwa saa kwa kazi ya kawaida. Tukisema lita 4, na kila lita 5,000, ni 20,000.
- Oili, filta na grisi: 3,000.
- Akiba ya spea, tairi na fundi: 10,000.
- Mshahara wa dereva: 7,000.

Jumla kwa saa ni 40,000.

Kama mteja analipa 60,000 kwa saa, kinachobaki ni 20,000. Sasa gawanyeni 7,200,000 kwa 20,000. Mtapata 360. Maana yake ni kwamba saa 360 za kwanza za mwaka hazileti faida hata senti moja. Zinalipa gharama za kulala. Faida inaanza saa ya 361.

Kikundi kikipata saa 200 tu za kazi, kimepata hasara ya 3,200,000 mwaka huo, ijapokuwa dereva alikuwa akileta fedha mkononi kila wiki na watu wakaona mambo ni mazuri. Kikipata saa 600, ziada ni 4,800,000. Ukigawa kwa watu 30, kila mmoja ni 160,000 kwa mwaka. Hiyo si fedha ya kudharau, lakini pia si fedha ya kuacha kazi ya kiwandani. Mwenye kuwaambia wanachama kwamba trekta litawatajirisha, mwambieni aandike hesabu yake ubaoni.

Angalieni mambo mawili yanayosahauliwa. La kwanza, saa tunayohesabu ni saa inayolipwa na mteja. Trekta likitembea barabarani kwa saa moja kwenda kazini na saa moja kurudi, linakunywa dizeli na kula tairi, wala hakuna anayelipa, isipokuwa mmepatana hivyo tangu mwanzo. La pili, mvua. Katika nchi za kando ya Ziwa mvua kubwa huja mara mbili kwa mwaka. Udongo uliolowa haufanyiwi kazi vizuri, maana trekta linazama na ua unaharibika. Msihesabu miezi 12 kana kwamba yote ni ya jua.

3. KAZI IPO KWELI?

Kabla ya kununua, wachagueni wanachama watatu wazunguke kwa mwezi mmoja. Waende kwenye shule, makanisa, misikiti, hospitali, hoteli na kwa wajenzi. Waulize: Kazi ya namna hii mnaifanya mara ngapi kwa mwaka? Nani anaifanya sasa? Mnamlipa kiasi gani? Mnalipa siku hiyo hiyo au baada ya miezi mitatu? Majibu yaandikwe pamoja na jina la mahali. Neno la mtu aliyesema “leteni trekta, kazi ziko nyingi” lisihesabiwe kama kazi.

Kama linapatikana trekta la kukodi, kodini kwanza kwa kazi mbili au tatu. Hata mkipata faida ndogo, mtakuwa mmejifunza saa ngapi zinahitajika kusawazisha kiwanja kimoja, na mtajua kama wateja wenu wanalipa. Kukodi kwa msimu mmoja ni ada ndogo kuliko kununua chombo kisichokuwa na kazi.

Liko jambo jingine ambalo kama wana chama hatuwezi kulipita kimya. Kazi hizi leo zinafanywa na vibarua wenye majembe na mikokoteni. Ndoo ya lita 200 inabeba zaidi ya wilibaro tatu za lita 60 kwa mara moja. Tukileta trekta, baadhi ya wenzetu watakosa siku zao za kazi. Sisi wenyewe tumeona mashine zikipunguza mikono mashambani na tukalalamika kwamba hatukuulizwa. Basi kikundi kizungumze na vibarua hao mapema. Trekta haliwezi kupanda nyasi, kupanga mawe, kukata kingo wala kumwagilia. Kazi hizo zitahitaji watu, na inafaa watu hao wawe wale wale.

4. UZITO WA NDOO

Muuzaji atawaambia, “Loda hii inanyanyua kilo 400.” Muulizeni maswali matatu. Inanyanyua kilo 400 mpaka juu kabisa, au inazibandua tu kutoka chini? Uzito huo umepimwa kwenye pini za ndoo, au katikati ya ndoo ambako mzigo unakaa? Na uzito wa ndoo yenyewe umekwisha kutolewa, au bado umo ndani? Loda hubandua uzito mkubwa zaidi ya ule inaoweza kuufikisha juu, na kadiri mzigo unavyokaa mbele zaidi ya pini ndivyo uwezo unavyopungua. Kilo 400 za maneno huweza kuwa kilo 300 au pungufu katika kazi.

Sasa pimeni mzigo. Ndoo ya lita 200 ni sawa na pipa moja la mafuta, yaani madebe kumi ya lita 20. Udongo mkavu uliolegea wa kujaza pipa hilo huwa karibu kilo 260. Mchanga uliolowa wa kujaza pipa hilo hilo hukaribia kilo 380. Ndoo ni ile ile, dereva ni yule yule, lakini baada ya mvua mzigo umeongezeka kwa kilo zaidi ya mia moja. Hapo ndipo magurudumu ya nyuma yanapoanza kuwa mepesi, na dereva asiyefundishwa hajui kwa nini.

Kwa sababu hiyo trekta lenye loda linahitaji uzito wa kusawazisha nyuma. Bila uzito huo msilikubali. Wako wanaotia maji katika tairi za nyuma mpaka kiasi cha robo tatu. Wako wanaofunga chuma au zege katika mikono ya nyuma. Nusu pipa la zege ni karibu kilo 240. Someni kwanza katika kitabu cha trekta ni uzito gani mikono hiyo inaruhusiwa kubeba, kisha mtengeneze kwa kiasi hicho. Muuzaji akisema kitabu hakipo, hilo nalo ni jibu.

5. KWA NINI TREKTA LINAPINDUKA

Sehemu hii isomwe na kila mtu, hata asiyekusudia kuliendesha.

Trekta lina magurudumu manne, lakini halisimami kama meza ya miguu minne. Ekseli ya mbele imeshikwa kwa pini moja katikati ili iweze kucheza juu na chini katika mashimo. Kwa hiyo trekta husimama kama kigoda cha miguu mitatu: magurudumu mawili ya nyuma, na pini ile ya mbele. Pembetatu hiyo ni pana nyuma na nyembamba mbele. Ukijaza ndoo, uzito unahamia mbele, pale penye wembamba. Ukiinyanyua ndoo juu, uzito unapanda pia. Sasa gurudumu moja likiingia shimoni, au ukikata kona kwa haraka, trekta linaanguka ubavu.

Kwa hiyo kanuni za dereva ni hizi:

(a) Ndoo yenye mzigo ibebwe chini, karibu sentimeta 30 kutoka ardhini. Inyanyuliwe juu pale tu pa kumwagia, trekta likiwa limesimama au linakwenda polepole sana.

(b) Katika mteremko, mzigo uelekee upande wa juu. Ukishuka na ndoo iliyojaa, shuka kinyumenyume. Usikate mteremko kwa ubavu.

(c) Usivute kisiki wala gari lililokwama kwa kufunga mnyororo juu, kwenye mkono wa katikati au kwenye kiti. Mnyororo ufungwe kwenye chuma cha chini cha kuvutia. Ukifungwa juu, pua ya trekta inanyanyuka na trekta linampindukia dereva kwa nyuma. Jambo hili hutokea katika muda usiofika sekunde 2. Hakuna mtu mwepesi wa kuruka kwa muda huo.

(d) Hakuna mtu kupanda ndani ya ndoo, wala juu ya tela, wala kando ya kiti. Hakuna mtu kupita chini ya ndoo iliyonyanyuliwa.

(e) Shafti ya nyuma inayozungusha vyombo hufanya mizunguko 540 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 9 kwa kila sekunde moja. Ikishika kanga, koti au kamba ya kiatu, haiachi. Kifuniko chake kisiondolewe, na mtu asiruke juu yake inapozunguka.

(f) Mpira wa haidroliki ukivuja, usiutafute tundu kwa kidole. Mafuta yenye nguvu huingia ndani ya ngozi kama sindano, na kidonda huonekana kidogo kumbe ni cha kukatwa mkono. Tafuta tundu kwa kipande cha katoni. Aliyedungwa na mafuta hayo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama hasikii maumivu.

Tena iko fremu ya kinga. Hiyo ni nguzo ya chuma cha nguvu inayosimama nyuma ya kiti, kupita kichwa cha dereva. Trekta likipinduka, fremu hubeba uzito, na dereva aliyefunga mkanda hubaki katika nafasi iliyo salama. Huko Sweden sheria ya mwaka 1959 ilitaka kila trekta jipya liwe na fremu, na katika miaka iliyofuata vifo vya kupinduka vikapungua mno. Marekani ilitoa sheria kwa waajiri juu ya matrekta yaliyotengenezwa baada ya Oktoba 1976. Haya si mambo ya kubahatisha. Yamejulikana kwa miaka mingi.

Hata hivyo, yapo matrekta ya zamani yanayouzwa bila fremu, na bei yake ni ndogo. Watu husema, “Tutaitengeneza kwa bomba.” Bomba la maji lililochomelewa na fundi wa madirisha halikupimwa kubeba tani moja inayoanguka. Fremu ni ile iliyotengenezwa kwa trekta hilo. Na mkanda ufungwe pale ambapo fremu ipo na imesimama. Katika trekta lisilo na fremu, au fremu ikiwa imelazwa, mkanda humfunga mtu chini ya chuma.

Mkutano ukiambiwa kwamba trekta lisilo na fremu ni nafuu kwa milioni mbili, mwenyekiti aulize: Nani katika sisi atakaa katika kiti hicho? Mkutano wote umsikie akijibu.

6. KUKAGUA TREKTA LILILOKWISHA TUMIKA

Matrekta mengi madogo yaliyokwisha tumika hutoka Japani. Kubota, Yanmar na Iseki ni majina yanayoonekana sana. Ni mashine nzuri, ila mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe. Maandishi yake ni ya Kijapani, mengine hayana fremu, na wakala wa kampuni katika nchi nyingine huenda asiwe na spea za namba hiyo. Ndiyo maana tunashauri hivi: kabla ya kuuliza bei ya trekta, ulizeni bei ya vitu vitano, yaani filta ya oili, sahani ya klachi, sili za ekseli ya mbele, mpira wa haidroliki na tairi ya mbele. Msiulize kwa muuzaji wa trekta, bali nendeni katika maduka ya spea. Kama vitatu kati ya hivyo havipatikani nchini, trekta hilo siku moja litakuwa banda la kuku.

Katika nchi yetu jirani ya Tanganyika, kama ilivyoitwa wakati ule, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Mashine nyingi zilinunuliwa zikiwa zimekwisha tumika katika vita, na nyingine zilitoka mpaka Ufilipino. Ziliharibika upesi, spea zikakosekana, na udongo wa Kongwa ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na hasara ilipita pauni milioni 35. Wale walikuwa na wataalamu na hazina ya dola kubwa. Kikundi cha watu 30 hakina hazina ya namna hiyo, kwa hiyo hakina budi kuuliza juu ya udongo na spea kwanza.

Siku ya kukagua, nendeni na fundi wenu mnayemlipa ninyi. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji. Aangalie haya:

- Injini iwe baridi mnapofika. Mkiikuta imekwisha pashwa moto, rudini siku nyingine. Injini iliyochoka hukataa kuwaka asubuhi.
- Moshi wa bluu usiokwisha unaonyesha kwamba injini inakula oili. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji ndani.
- Mita ya saa hubadilishwa kwa urahisi. Tazameni pedali, kiti, usukani na pini. Mita ikisema saa 800 na pedali zimelika mpaka chuma, aminini pedali.
- Jazeni ndoo, inyanyueni kiasi cha magoti, zimeni injini, msubiri dakika 10. Ikishuka upesi, sili au valvu za haidroliki zimechoka.
- Tikiseni ndoo kwa mikono. Pini na bushi zisicheze sana. Tafuteni mahali palipochomelewa kwenye mikono ya loda na kwenye fremu.
- Jaribuni breki za kulia na kushoto, moja moja. Zishike sawa.
- Ingizeni gia zote, mbele na nyuma. Ingizeni pia uvutaji wa magurudumu ya mbele, maana loda bila magurudumu manne kuvuta huteleza katika matope.
- Namba za injini na chesisi zilingane na karatasi, na ushuru uwe umelipwa. Trekta linaloshikwa na forodha ni hasara ya wanunuzi.

Fedha zisilipwe mkononi. Zilipwe benki kwa jina lililo katika karatasi za trekta, mbele ya wanachama wasiopungua watatu.

7. SASA SISI NI WAAJIRI

Siku kikundi kinapomweka dereva juu ya trekta, kikundi kimekuwa mwajiri. Jambo hili ni gumu kwetu kulizoea. Tumetumia miaka mingi tukidai saa za kazi zinazojulikana, malipo ya saa za ziada, viatu, mafunzo na matibabu ya anayeumia. Yote hayo sasa anayadai dereva wetu, naye ana haki.

Tulisikia kikundi kimoja ambacho kilimlipa dereva kwa safari. Hakikutaka kumlipa kwa saa. Dereva akawa anajaza ndoo kupita kiasi na kwenda mbio ili apate safari nyingi. Baada ya miezi michache mikono ya loda ilipinda, na wanachama wakamlaumu yeye. Tunavyoona sisi, kosa lilikuwa katika mapatano. Atakayelipwa kwa haraka atafanya haraka.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, unasema kwamba mashine za kilimo zitumike kwa kazi zilizotengenezewa, zisibebe watu kama hazikutengenezwa kwa hilo, na ziendeshwe na watu waliofundishwa na wanaoweza. Unataka pia maelezo na alama za hatari zitolewe katika lugha rasmi ya nchi inayotumia mashine. Haya tunayadai kwa wenye mashamba. Yatupasa tuyatimize katika trekta letu la viwanja pia.

Kwa hiyo kabla trekta halijaja, mkutano uandike na kutia sahihi mambo haya:

Kwanza, trekta limeandikishwa kwa jina la kikundi, wala si la mwenyekiti.

Pili, dereva ni nani, amefundishwa wapi, na analipwa kiasi gani. Wawe wawili, ili mmoja akiugua kazi isiende kwa mtu wa kubahatisha.

Tatu, daftari la trekta. Kila siku iandikwe saa ya kuanza na kumaliza, lita za dizeli, mteja, fedha zilizolipwa, na lililoharibika. Daftari liwe wazi kwa kila mwanachama.

Nne, zile 10,000 za spea kwa kila saa ziende benki kila wiki. Zisiguswe kwa karo wala kwa msiba. Kwa mambo hayo iwepo akiba nyingine.

Tano, dereva ana haki ya kukataa kazi anayoiona ni ya hatari, na hatakatwa mshahara kwa sababu hiyo.

Sita, mwanachama akitaka kutoka, atalipwaje? Trekta halikatwi vipande. Andikeni sasa, mkiwa bado mnapendana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Fanyeni upya hesabu ya sehemu ya pili kwa bei za mahali penu. Trekta lenu litahitaji saa ngapi kwa mwaka ili lisilete hasara?

2. Mteja anataka kulipa 50,000 kwa saa badala ya 60,000. Kwa mfano wetu, saa za kulipa gharama zitakuwa ngapi? (Jibu: 720. Elezeni kwa nini zimekuwa mara mbili.)

3. Mvua imenyesha usiku na mteja anataka mchanga wake uhamishwe leo. Dereva afanye nini tofauti na jana?

4. Yako matrekta mawili. Moja lina fremu na spea zake zinapatikana. La pili ni nafuu, halina fremu. Kikundi hakina fedha za kutosha kwa la kwanza. Ni njia gani nyingine zipo zaidi ya kununua la pili?

5. Vibarua wanaofanya kazi hizi sasa watapata nafasi gani katika mpango wenu?

Matawi yatakayofanya hesabu hii tunayaomba yatutumie majibu yao, hata kama yameamua kutokununua. Hesabu iliyowazuia watu 30 kupoteza akiba yao inafaa kusomwa na wengine.